Kijiji Alichokipima Mwalimu wa Jiografia

Nimejaribu mara nyingi kumweleza mwalimu wa jiografia kwa watu ambao hawakumjua, na kila nikimaliza naona nimeeleza watu wawili tofauti. Mmoja nilimpenda. Wa pili sikumwelewa, na sina hakika kama nilimsamehe, wala kama lilikuwa jambo langu la kusamehe.

Tulifundisha pamoja katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Iringa, miaka ya mwanzo ya sabini. Mimi nilikuwa binti wa Tukuyu niliyetoka chuoni karibuni, nafundisha Kiswahili. Yeye alinizidi umri kwa mbali, mwenyeji wa Uhehe, mtu mrefu mwenye koti la kahawia ambalo baridi ya Iringa haikumruhusu kulivua. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja. Asubuhi nilimsikia akiwasha jiko la mkaa, kisha akibishana na redio. Nilipomwamkia shikamoo, alijibu marahaba, halafu akaongeza "kamwene", salamu ya kwao. Nilipomwambia kwamba mimi si Mhehe, akasema salamu ni ya mahali, si ya mtu.

Alikuwa na swali moja ambalo aliwauliza watu wote, kama wengine wanavyouliza habari za watoto. Aliuliza, "Na kwa nini unaishi pale unapoishi?" Alimuuliza mpishi wa shule, akamuuliza padri aliyepita kusalimia, akamuuliza mama aliyekuwa akituuzia ulanzi, pombe ya mianzi, siku za mapumziko. Yule mama alimtazama akacheka. "Mwalimu, mimi niliolewa. Muulize mume wangu." Kesho yake akaenda kweli kumuuliza mume. Alirudi amefurahi, akaniambia kumbe yule bwana alijenga pale kwa sababu ya mtu mmoja tu aliyekuwa hataki kuonana naye njiani.

"Umeona, dada?" aliniambia. "Kitabu kinasema maji, udongo na barabara. Hakisemi watu wanavyokwepana."

Aliniuliza na mimi. Nilimwambia kwetu Tukuyu nyumba ziko ndani ya migomba, basi. Akaniambia zamani Wanyakyusa walikaa rika kwa rika, vijana wanatoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, na kijiji kinakua nao mpaka wanazeeka. Sikuwa najua. Likizo nilipomuuliza baba, alikubali kuwa ni kweli, akashangaa kwamba nimeyajua hayo kwa Mhehe.

Lakini mtu huyu aliyejua kwa nini watu wanaishi wanapoishi alikuwa hajui njia. Hilo lilinichanganya kabla ya mengine yote. Ukimpeleka mjini akaingia mitaa ya Miomboni au Kitanzini, alipotea. Nimemwona kwa macho yangu akiipita nyumba ya fundi wake wa viatu, akarudi, akaipita tena, hadi fundi mwenyewe akatoka kumwita. Hakuona aibu. Alisema ramani inachorwa na mtu aliye juu, na yeye akiwa chini haoni kitu.

Darasani alikuwa mwingine. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, lakini lilipofika jambo alilolipenda alihamia Kiswahili bila kujua. Alichora ubaoni makazi ya aina tatu: ya kutawanyika, ya mstari kando ya barabara au mto, na ya kukusanyika pamoja. Wanafunzi walinakili. Kisha akagonga chaki juu ya yale ya kutawanyika na kusema, "Hapa ndipo mtaulizwa kwenye mtihani, na hapa ndipo mtakapokosea. Mtaandika kwamba watu hawa hawana mpango. Ukiona nyumba peke yake kilimani, uliza maji yako wapi, ng'ombe wanapita wapi, na ndugu aligombana na nani. Mpango upo. Ila hukualikwa ulipopangwa."

Mwaka mmoja aliwapeleka kidato cha tatu mjini kujifunza jinsi ardhi ya mji inavyotumika. Waligawana mitaa: wengine soko, wengine Uhindini penye maduka, wengine Gangilonga walikokaa wakubwa wa serikali. Nilifuatana nao kusaidia kuwachunga. Ilikuwa ndiyo kwanza serikali imetaifisha majumba makubwa ya kupangisha, na mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa alipoona watoto wamesimama mbele ya duka lake wakiandika, alifunga mlango mmoja, kisha wa pili. Mwalimu akaenda kubisha.

"Unaandika nyumba yangu kwa nani, Mwalimu?" mzee akauliza akiwa ndani.

"Kwa watoto tu, mzee. Wanajifunza."

"Watoto wa nani?"

Mwalimu aliwatazama wanafunzi na daftari zao. Halafu akasema, "Wa shule. Lakini sikulaumu ukiogopa. Tutaliruka duka lako."

Mzee akafungua. Alituletea chai ya maziwa yenye tangawizi, akaanza kueleza mwenyewe jinsi baba yake alivyojenga, nani alikuwa jirani wa kwanza, soko lilikuwa wapi wakati huo. Mwalimu alisahau wanafunzi, akasikiliza hadi jua likawa kali. Tulipotoka nikamuuliza kama duka litaingia kwenye ramani. Akasema hapana, amekwisha kutoa neno lake. Na kweli, katika ramani kubwa iliyotundikwa ukutani darasani palikuwa na nafasi nyeupe katikati ya mtaa wa maduka. Wageni walidhani ni kiwanja kisichojengwa.

Ile ramani ndiyo iliyomleta yule ofisa. Alikuja shuleni kwa shughuli nyingine, akaiona, akasimama mbele yake na mikono nyuma. Wakati huo agizo lilikuwa limetoka kwamba watu wote wa vijijini wahame kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika, wakae pamoja katika vijiji. Wapimaji hawakutosha. Alitafutwa yeyote anayeweza kusoma ramani na kunyoosha kamba. Ofisa akamuuliza mkuu wa shule nani aliyefanya kazi ile, na mwalimu wa jiografia akaitwa.

Nilidhani atakataa, au angalau ataomba muda. Alikubali papo hapo. Jioni nilimkuta nje akisafisha viatu vyake vya mvua.

"Mwalimu," nikasema, "si wewe unayewaambia watoto kwamba mpango upo?"

"Upo."

"Sasa mbona unaenda kuuvunja?"

Aliendelea kusugua kiatu. "Mimi nafundisha jinsi watu wanavyokaa. Sijawahi kufundisha kwamba wasihame. Mama yangu ana miguu mibovu, dada, na zahanati hawawezi kuijenga kila kilima. Akiugua wanambeba kwa machela. Wakikaa pamoja watapata zahanati, shule na bomba la maji. Hayo nayaamini."

"Na sehemu hiyo ya kupima ni wapi?"

"Ni kwetu," akasema.

Kwa hiyo watu waliosema baadaye kwamba alilazimishwa, hawasemi kweli. Na waliosema alikwenda kwa kutaka cheo, hawakumwona siku ile akisafisha viatu. Mimi nilimwona, na bado sijui.

Alipewa ruhusa ya muhula. Katikati ya muhula nilipanda lori la shule lililokuwa linapeleka mbao upande ule, nikiwa nimemchukulia sukari na sabuni za mama yake. Nilimkuta uwandani na vigingi, kamba na watu wachache wa kumsaidia. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara mpya, uwanja wa shule katikati, shamba la pamoja nyuma. Nyingine zilikuwa zimeezekwa, nyingine bado fito tupu. Mstari ulikwenda sawasawa kutoka upande wa mashariki, kisha karibu na mwisho ukapinda kuelekea kilimani, nyumba kama kumi hivi, halafu ukaishia hapo.

Mama yake aliletwa siku hiyohiyo. Alikuwa kikongwe mdogo mwenye sauti nzito. Alikataa kupanda gari hadi jiwe lake la kusagia litangulie, na lilipopakiwa akakaa juu yake. Aliposhushwa mbele ya nyumba aliyopangiwa, hakuingia. Nilimsogelea kumwamkia, akaitika vizuri, kisha akamwonyesha mwanawe kwa kidevu.

"Huyu nilimsomesha mpaka akajua dunia yote iko wapi," akaniambia. "Sasa amejua na nyumba yangu iko wapi."

Mwalimu alisikia. Aliinama akachukua kigingi kingine.

Ule mpindo wa mstari ndio hasa unaonishinda. Siku ile nilimuuliza kwa nini nyumba za mwisho hazikufuata zile nyingine, akasema dira yake ilikuwa mbovu. Mama yake alikuwa na maelezo mengine: mwanawe alimwambia amekwepa makaburi ya watu wa zamani. Alipopita shuleni siku moja wanafunzi walimuuliza, maana habari zilikuwa zimesambaa, naye akawaambia kule chini maji ya mvua hutuama. Sababu hizi tatu zote zinaweza kuwa za kweli. Lakini mtu mwenye sababu mbili nzuri haanzi na dira mbovu. Watu wa nyumba zile za kilimani wenyewe hawakutaka sababu yoyote. Walimsifu. Walisema mwana wao amewaonea huruma, amewaacha karibu na mashamba yao.

Ofisa alipokuja kukagua, alisimama barabarani akatazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Nasimulia nilivyosimuliwa na dereva wake, aliyekuwa akipita shuleni mara kwa mara.

"Hapa pamepinda," ofisa akasema.

"Ndiyo," mwalimu akajibu.

"Kuna sababu?"

Watu wa nyumba zile walikuwa wamesimama hapo, wanasikiliza. Walingoja aseme habari ya maji, au ya makaburi. Mwalimu akasema, "Nilikosea."

"Basi nyoosha."

Na akanyoosha. Hakumwachia mtu mwingine. Alizipima upya nyumba zile moja moja, akang'oa vigingi, akavipigilia uwandani. Watu waliobomoa nyumba zao za zamani wakajenga nyingine, sasa walibomoa na hizo. Mvua za kwanza ziliwakuta hawajamaliza kuezeka. Mzee mmoja mwenye kifua kibovu alilowana, akashikwa na homa ya mapafu. Zahanati ilikuwa bado ni msingi tu. Akafa.

Mzee yule alikuwa na binti kidato cha tatu, shuleni kwetu.

Nilikuwa nimeingia darasani kuazima chaki siku ile binti alipoinua mkono. Alikuwa amerudi kutoka msibani siku chache kabla ya hapo, nywele zake zimenyolewa. Mwalimu alikuwa anarudia makazi ya aina tatu kwa ajili ya mtihani. Akamruhusu kuuliza.

"Mwalimu, kijiji chetu ni cha aina gani?"

Aliuliza kwa adabu kabisa. Darasa zima liligeuka kumtazama, kisha likamgeukia mwalimu. Nilijua natakiwa kutoka lakini nilishindwa kusogea.

"Kwa sura yake," mwalimu akaanza, "ni cha mstari." Akasimama. "Hapana. Makazi ya mstari huja yenyewe, watu wakifuata njia." Akasimama tena. "Sijui, binti yangu. Wewe ndiye mwenyeji. Njoo ukichore."

Akamnyooshea chaki. Binti akaitazama.

"Sitaki kuchora, Mwalimu," akasema, akakaa.

Mwalimu alichukua dasta akafuta ubao, ambao ulikuwa umekwisha kufutwa. Kisha akaendelea na mvua za Kongo.

Baada ya hapo hakuwauliza tena watu kwa nini wanaishi wanapoishi. Redio ilinyamaza. Niliwahi kumsikia kupitia ukutani akitembea chumbani kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nilifikiri niende kubisha, lakini sikujua ningemwambia nini. Kama ningemlaumu, ningemlaumu kwa lipi? Kwa kupinda au kwa kunyoosha? Nilimjadili na mwalimu wa historia, mama mmoja mkali wa Njombe, akaniambia jambo ni rahisi: alipinda kwa huruma na kunyoosha kwa woga. Nikalala nimeridhika. Asubuhi nikakumbuka alivyosema "Nilikosea" mbele ya watu wake wote, na sikuona woga unaingia vipi hapo. Mwoga angetaja maji. Sababu ilikuwepo, tena nzuri, na ingemponyesha.

Binti alifaulu jiografia. Mwalimu ndiye aliyemfundisha hadi mwisho, na hakuna siku waliyokosa kusalimiana. Hilo nalo liweke pamoja na mengine.

Kisha kuna mama yake. Miaka michache baadaye mkono wa serikali ulipolegea, baadhi ya watu wa kijiji kile walianza kurudi vilimani polepole, mmoja mmoja, kwanza kulima, kisha kulala hukohuko. Nilipita tena kijijini pale nikamkuta kikongwe yule amekaa mlangoni, jiwe lake la kusagia pembeni, majirani wawili wanapukuchua mahindi naye. Bomba lilikuwa limefika. Zahanati ilikuwa imeezekwa bati. Nikamuuliza lini atarudi kilimani.

"Kufanya nini?" akasema. "Kule nilikuwa naita mpaka sauti inakauka. Hapa nikiita, mtu anaitika."

"Basi mama, mwanao alifanya vizuri?"

Aliacha kupukuchua akanitazama kama mtoto aliyeuliza jambo la kijinga. "Kwani nimesema hivyo?"

Mwanawe hakuwa ameonekana kijijini pale tangu msiba. Alikuwa ameomba uhamisho, akaondoka Iringa bila kuaga. Tulisikia yuko Chunya, tukasikia ameacha ualimu, tukasikia analima mpunga Usangu. Mimi niliolewa nikahamia Mbeya, nikafundisha huko, na kwa muda mrefu sikumfikiria.

Mwishoni mwa miaka ya sabini shule yetu ya Mbeya ilinituma Rujewa na lori kutafuta mchele wa wanafunzi. Tulipokuwa tunangoja zamu yetu kwenye mashine ya kukoboa, nilisikia watu wakimtaja mzee mmoja Mhehe, mwalimu wa zamani, anayekaa peke yake huko mbele kwenye uwanda. Nikamwomba dereva anipeleke. Tulifuata njia ya ng'ombe, vumbi jekundu linaingia madirishani, hadi tukaiona nyumba moja ya tope, hakuna nyingine karibu nayo.

Alinitambua kabla sijashuka. Alikuwa amekonda, hana koti, maana joto la kule halina haja nalo. Aliniwekea kigoda kivulini mwa nyumba, akanipa uji. Tuliulizana habari. Aliuliza habari za yule binti, nikamwambia amekuwa muuguzi. Akatikisa kichwa taratibu. Nilimwambia mama yake ni mzima, akasema anajua, huwatuma watu kumjulia hali.

Nikaona kama sitauliza siku ile sitauliza tena. "Mwalimu, ulipokubali kwenda kupima, uliamini?"

"Niliamini."

"Na ulipoupinda ule mstari?"

"Niliamini pia."

"Na ulipokwenda kuunyoosha?"

Alifungua mdomo. Nadhani alitaka kujibu, lakini sitaapa. Wakati huohuo tukasikia kengele za ng'ombe, na mtu mmoja akaja amejitwika fimbo mabegani, shuka limefungwa begani. Kwa lafudhi yake alikuwa Msukuma. Siku hizo walikuwa wanateremka Usangu na mifugo yao kutoka kaskazini, familia kwa familia.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Nimeelekezwa kwako. Wanasema wewe ni mtu wa mapimo."

"Marahaba. Nilikuwa."

"Mimi nimetoka mbali na ng'ombe na watu wangu. Naomba unionyeshe pa kujenga."

"Sijui," mwalimu akasema.

Yule mtu alinitazama mimi, labda akidhani mzee haoni vizuri au hakusikia. "Mzee, si unajua hii nchi? Wapi maji yanakaa, wapi hayakai?"

"Hayo nitakwambia, najua. Umeniuliza pa kujenga." Mwalimu alijikongoja kusimama, akatazama uwandani ambako mwanamke mmoja alikuwa amesimama na mizigo, watoto wamekaa juu ya mafurushi. "Yule ni mke wako?"

"Ndiye."

"Amesemaje?"

"Hajasema. Sijamuuliza."

"Twende," mwalimu akasema.

Aliondoka bila kunigeukia, nami nikabaki na bakuli la uji mkononi. Niliwaona wakifika kwa yule mwanamke. Wakazungumza kidogo. Kisha mwanamke akampa mtoto mkubwa mzigo aliokuwa ameushika, akaanza kutembea. Alikwenda hadi kwenye mwinuko mdogo, akasimama, akapiga udongo kwa kisigino, akaendelea. Mume alimfuata. Mwalimu alikuwa nyuma ya wote, mikono mgongoni, na kila mara mwanamke aliposimama naye alisimama, akangoja.

Nilikaa hadi dereva alipopiga honi. Walikuwa wamefika mbali sasa, na yule mwanamke alikuwa bado anatembea.